Mashimo Matatu Niliyoyaongeza

Aliyeagiza prosesa isiyolingana na soketi alikuwa Naibu Mkuu wa Chuo. Aliyechoma prosesa nyingine, iliyokuwa nzima kabisa, ni mimi. Mama yangu, mtunza stoo wa chuo hicho, hakutenda kosa la kwanza wala la pili, ingawa barua mbili zilizomo katika faili lake la utumishi zinamtwika yote mawili. Nimeyaweka haya mwanzoni kwa sababu nilifanya kazi ya masijala kwa miaka mingi, na katika masijala jina la mhusika huandikwa juu ya ukurasa, halifichwi chini.

Nilistaafishwa mapema idara yetu ilipounganishwa na nyingine. Kuhusu jambo hilo nina maoni, na nimeyapeleka kwa maandishi panapohusika. Hapa nazungumzia jingine. Mwaka huu mama alihamia kwangu, akaja na sanduku la bati ambalo sikuwahi kuruhusiwa kulifungua tangu nipate akili. Alinikabidhi ufunguo mwenyewe, ameketi ukingoni mwa kitanda na kikombe cha chai mkononi. Nilipoinua kifuniko ikanijia harufu ya grisi, chaki na dagaa wa omena kwa pamoja, harufu ambayo sijaikuta mahali pengine isipokuwa katika stoo ile, na mara nikawa mtoto wa darasa la saba, nimeketi juu ya gunia, miguu haifiki chini.

Ndani ya sanduku mlikuwa na bahasha yenye nakala za barua hizo mbili, na kitambaa cheupe kilichofungwa fundo. Nikalifungua fundo. Kilikuwa kipande cha kauri cha rangi ya zambarau iliyofifia, si kikubwa kuliko biskuti, na chini yake safu za miguu midogo ya rangi ya dhahabu.

"Kumbe uliiweka," nikasema.

"Ningetupa wapi? Hiyo ni mali ya chuo," mama alijibu, kisha akacheka hadi chai ikamwagikia shuka.

Mimi sikucheka, si wakati huo. Nilikuwa nimekwisha kuona cheti cha utumishi ambacho chuo kilimpa mwaka huu alipokiomba, na katika mstari wa maonyo kimeandikwa neno moja: mawili. Mwanamke aliyeitunza stoo kwa uaminifu maisha yake yote ya kazi amepewa cheti chenye maonyo mawili. Ndiyo maana naandika.

Chuo chenyewe kilikuwa cha ufundi, nje kidogo ya mji wa Kisumu, kando ya barabara iendayo Maseno. Aliyepanda juu ya tangi la maji aliliona ziwa lote likiwa linang'aa kama sufuria mpya, na mimi nilipanda mara nyingi kuliko nilivyoruhusiwa. Stoo ilikuwa chumba kirefu cha mabati. Upande wa kushoto kulikaa chakula cha wanafunzi: mahindi, maharagwe, na magunia ya omena waliokaushwa huko Port Victoria. Upande wa kulia kulikaa chuma na vyombo vyote vya karakana. Katikati kulikuwa na meza ya mama, na juu ya meza rundo la kadibodi alizokata kutoka katika makatoni ya majani ya chai.

Kadibodi hizo ndizo zilizokuwa lebo zake. Hakuna kitu kilicholala stoo ile bila lebo iliyofungwa kwa uzi wa katani, na kila lebo ilikuwa na mistari mitatu. Wa kwanza ulisema kitu hicho ni nini. Wa pili ulisema kilitoka wapi. Wa tatu, ambao sijauona katika stoo nyingine yoyote niliyowahi kukagua, ulisema kinakwenda na nini. Mwalimu akija kuchukua boliti, mama humsomea mstari wa tatu kwa sauti na kumpa na nati zake, hata kama hakuziomba.

"Mimi nimeomba boliti tu, Mama Achieng."

"Na utafunga na nini, mwalimu? Na mate?"

Achieng ndiye mimi. Likizo zangu zote nilizimaliza humo. Nilikata kadibodi, nilitoboa matundu, na mwandiko wangu ulipokuwa mzuri vya kutosha nikaruhusiwa kuandika mstari wa kwanza. Wa tatu aliuandika yeye mwenyewe.

Kisha zikaja kompyuta. Mbili za kwanza zilitangulia muhula mmoja, zikawekwa katika ofisi ambayo paa lake lilivuja, na mvua ikazimaliza kabla mwanafunzi yeyote hajaziona zikiwaka. Zikarudishwa stoo zikiwa zimekufa, mama akazifungia lebo. Ya tatu ilikuja baadaye ndani ya kreti la mbao, msaada kutoka ng'ambo, safi, haina hata kovu. Ilikosa kitu kimoja tu. Ilipofunguliwa, kwenye ile bodi kubwa ya kijani ambayo mafundi huiita madabodi, palikuwa na soketi nyeupe ya mraba iliyo wazi. Prosesa, yaani kile kipande kinachofikiri kwa niaba ya mashine nzima, haikuwamo.

Naibu Mkuu wa Chuo alijitolea kuiagiza. Kwa haki yake niseme kwamba alikuwa mtu wa bidii, mwenye tai kila siku hata Jumamosi, na alikitakia chuo mema. Alipiga simu Nairobi akaomba prosesa ya kisasa kuliko zote walizokuwa nazo. Hakuuliza soketi ni ipi, na hakuna aliyemsikia akiuliza. Kifurushi kilifika kwa basi, mama akakipokea, akatia sahihi, akakifungia lebo. Aliandika mstari wa kwanza na wa pili. Mstari wa tatu aliuacha wazi, kwa sababu hakuna aliyemwambia kitu hicho kinakwenda na nini. Lebo hiyo iliyo wazi ningeiweka mbele ya hakimu yeyote.

Siku iliyofuata Naibu alikuja kuiweka prosesa mwenyewe, na haikuingia. Aliigeuza, akaisukuma, akaigeuza tena, akaisukuma kwa kidole gumba hadi miguu kadhaa ikalala upande. Aliondoka. Saa mbili baadaye tarishi wa ofisi alileta barua. Ilisema kwamba prosesa sahihi iliagizwa na kulipiwa, kwamba iliyopo si sahihi, na kwa hiyo ilibadilishwa ikiwa chini ya ulinzi wa mtunza stoo. Mama alipewa siku saba aeleze kwa maandishi ilikokwenda ile halisi, la sivyo aachishwe kazi.

Mama aliisoma barua mara moja, akaikunja, akaiweka chini ya jiwe la kupimia uzito. Nilimtazama nikitarajia alie, kwa kuwa mimi nilikuwa karibu kulia. Badala yake alivuta kile kisanduku kilichokuja na prosesa na kukitazama pande zote kama anavyotazamwa kuku sokoni.

"Achieng, leta daftari yako ya hesabu," alisema. "Ile ya miraba. Vitu hatuwezi kutoa nje ya geti, lakini picha hakuna askari ataikamata."

Basi nikachora. Nilikaa mbele ya ile madabodi na penseli iliyochongwa vizuri, nikainakili soketi shimo kwa shimo. Kwenye ukingo wake yalichapwa maneno kwa herufi ndogo, nikayanakili kama yalivyo: Soketi 3. Kwenye kisanduku cha prosesa iliyokataa kuingia palikuwa na maneno mengine, nikayanakili pia: Soketi 5.

Sijawahi kuifanya kazi kwa furaha kama hiyo. Kadiri nilivyochora ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba nakitambua ninachokiona. Lilikuwa boma. Nyanya yangu aliishi Nyakach, ng'ambo kidogo ya soko la Katito, na boma lake nililijua kama kiganja changu. Pembeni ni ua wa miti unaozunguka pande zote, katikati ni uwanja mtupu wa ng'ombe, na mbele ni lango. Soketi nayo ilikuwa na safu nne za mashimo zilizozunguka pande zote kama ua, katikati hamna kitu, na ubavuni mkono mdogo wa chuma unaoinuliwa na kushushwa ili prosesa iingie na kufungiwa. Lango lilikuwa hilo, bila shaka yoyote.

Tatizo lilikuwa kwenye kona moja, mbali na lango. Pale mashimo matatu hayakuwapo. Nilipuliza vumbi, nikatazama tena, hayakuwapo. Boma lenye lango lake na bado lina pengo kwenye ua ni boma lenye aibu. Nyanya hakuvumilia pengo hata la kupitisha kuku. Akiliona asubuhi, hanywi uji mpaka lizibwe. Nikaamini kwamba waliotengeneza soketi walisahau, au vumbi limejaa humo likaganda, na nikafanya ambalo mjukuu yeyote aliyelelewa vizuri angelifanya. Niliyachora mashimo yale matatu. Ua ukakamilika, ukapendeza, kona zote nne zikafanana.

Jumamosi mama alivaa gauni lake la kanisani, tukaenda mjini kwa Bwana Kamau. Huyu alikuwa mtu wa Nyeri aliyefungua kibanda karibu na soko la Kibuye. Alitengeneza redio za kila kabila, na kompyuta zilipoanza kuingia mjini alikuwa wa kwanza kuzivua koti. Tulimkuta ameshika kisu cha moto cha kulehemu mkono mmoja na mandazi mkono wa pili.

"Bwana Kamau, mimi nimeitwa mwizi," mama alisema kabla ya kuketi.

"Na nani?"

"Na barua."

Kamau akatafuna polepole. "Barua iko na sahihi?"

"Iko na sahihi na muhuri."

"Hiyo ni mbaya. Keti tuone."

Mama aliweka daftari langu juu ya meza. Kamau alilifuta kwanza kwa kiwiko, akasoma nilichoandika, kisha akasimama na kwenda ukutani, ambako alikuwa amebandika kwa plasta ya vidonda karatasi moja kubwa yenye jedwali. Alipitisha kidole juu yake kutoka mstari hadi mstari.

"Kwa hiyo madabodi imeandikwa tatu. Na kwa boksi imeandikwa tano."

"Hata Naibu aliona tano," nikasema, nikijua ninajipenyeza katika mazungumzo ya wakubwa. "Mimi nafikiri ni darasa. Na wa darasa la tano anaweza kukaa dawati ya la tatu, akijikunja kidogo."

Kamau alinitazama juu ya miwani. "Huyu msichana yako iko na kichwa, Mama Achieng. Lakini hiyo kichwa imepotea njia. Hii si darasa. Hii ni namba ya kufuli. Ufunguo ya tano hata ukitoka dhahabu, hiyo kufuli ya tatu haijali."

Alituonyesha kwa kidole. Soketi ya tatu ina mashimo mia mbili thelathini na saba. Ya tano ina mia tatu na ishirini, tena yamepangwa kwa kupishana kama mahindi kwenye gunzi. Prosesa iliyoagizwa ina miguu mia mbili tisini na sita. Hata mtoto anaona kwamba miguu hiyo haiwezi kuingia kwenye mashimo yale. Kisha akatuonyesha jambo ambalo macho hayalioni. Soketi ya tatu hutoa umeme wa volti tano, na prosesa ile inataka volti tatu na kidogo juu.

"Hata huyo Naibu angesukuma mpaka iingie," Kamau alisema, "ingekula shoti mara moja. Hiyo prosesa imekataa kuingia, ni kama imejiokoa."

Mama alilitazama jedwali ukutani. "Kwa hivyo hakuna mtu alibadilisha kitu."

"Nani angebadilisha? Kile walitumana Nairobi ndicho kilikuja. Kosa iko kwa kutumana."

Nakumbuka uso wa mama wakati ule kuliko ninavyokumbuka mambo mengi yaliyotokea nikiwa mtu mzima. Ulifunguka polepole, kuanzia macho. Alichukua kipande cha kadibodi kutoka katika mkoba wake, maana hakutoka nyumbani bila kadibodi, na akamwambia Kamau amsomee tena, taratibu, prosesa inayofaa soketi ya tatu. Kamau akamsomea: kundi la 486, miguu mia moja sitini na minane, safu tatu. Safu ya nje ya soketi itabaki wazi pande zote, na hilo lisimtishe mtu. Mama aliyaandika hayo palepale kwenye kadibodi hiyo, kama mstari wa tatu, kwa wino, mkono wake ukiwa imara.

Kabla hatujaondoka Kamau aliyahesabu mashimo ya mchoro wangu, safu kwa safu, kwa ncha ya bisibisi.

"Huku ni mia mbili na arobaini. Kwa karatasi yangu zimepungua tatu."

"Mimi nimehesabu mara mbili," nikasema.

Ilikuwa kweli. Sikusema kwamba nilihesabu mchoro, si soketi. Katika miaka yangu yote ya masijala nimewakuta watu wengi wakiapa kwa nakala ambayo waliitengeneza wenyewe, na kila mara nimemkumbuka yule msichana aliyesimama Kibuye na daftari lake la miraba, amejaa uhakika.

Kamau akakuna kidevu. "Basi pengine hii yangu ilichapwa vibaya," alisema, na akaiacha hapo. Mtu mzima na jedwali lake alimwamini mtoto.

Jumatatu mama alipeleka maelezo yake ofisini, kurasa mbili, na lebo ya mstari wa tatu ameiambatisha kwa pini. Naibu aliyasoma akiwa amesimama mlangoni pa stoo.

"Mama Achieng, hii ni maneno ya fundi wa redio. Mimi siwezi weka fundi wa redio kwa faili. Nataka kuona kompyuta imewaka. Siku zako zinaisha Ijumaa."

Naibu akaondoka. Mama aligeuka akatazama kona ambako zile kompyuta mbili zilizokufa kwa mvua zilikuwa zimelala chini ya turubai.

"Zilikufa wapi hizi?" aliniuliza. "Kichwa ama tumbo?"

Tulizifungua zote mbili. Bodi zake zilikuwa zimeota kutu ya kijani, lakini kwenye kila moja, juu ya soketi yake, palikuwa na kipande cha zambarau chenye miguu iliyonyooka. Tuliihesabu pamoja, yeye akitaja namba kwa Kiswahili na mimi nikizirudia kwa Dholuo ili tusikosee. Mia moja sitini na minane. Safu tatu. Ya pili, vilevile. Mama alizishika zote mbili kwenye viganja kama mtu aliyeokota mayai, na akaanza kuimba wimbo wa kwaya ya akina mama, sauti ya tatu, ile anayoiimba akiwa ameridhika.

Jumanne alasiri tukaiweka ya kwanza. Iliingia bila kusukumwa, kama mkono ndani ya mfuko. Hata hivyo palikuwa na swali moja, na mama aliliuliza.

"Hii iko na kona moja imekatwa. Inaangalia wapi?"

Nikafungua mchoro wangu. Kona zote nne zilifanana, kwa sababu mimi mwenyewe nilizifananisha. Lakini nilikuwa na jibu. Katika boma, mtoto wa kwanza wa kiume hujenga kulia kwa lango, na hilo hata nyanya hakuhitaji kunifundisha mara mbili. Kona iliyotiwa alama ndiyo bila shaka kona ya kwanza. Basi ikae kulia kwa lango.

"Hapa," nikasema, nikaweka kidole.

Mama aliigeuza, akashusha kile kimkono cha chuma, akaunganisha waya ukutani, akawasha. Feni ilizunguka. Tulitazamana tukitabasamu. Halafu ikaja harufu, nyembamba na chungu, kama kitana cha plastiki kilichoachwa juu ya jiko, na mama akachomoa waya kwa nguvu hata akarudi nyuma na kukaa juu ya omena.

Jumatano barua ya pili ikaja. Ilimpa mama onyo kwa kuharibu mali ya chuo kwa uzembe, na ilimtaka atie sahihi kuonyesha kwamba amekubali, kabla ya jioni ya siku iliyofuata. Barua ya kwanza haikutajwa humo. Ilibaki kama ilivyokuwa, ikisubiri Ijumaa.

Alhamisi mchana Kamau alikuja mwenyewe kwa baiskeli, na tochi, na mswaki wa meno uliozeeka. Alikuwa ameahidi kupita, na hakudai chochote isipokuwa chai. Alisikiliza yaliyotokea, akaiinamia madabodi, akaisugua soketi kwa mswaki, akamulika. Alimulika kwa muda mrefu. Kisha akaomba daftari langu, akaliweka kando ya soketi, akatazama huku, akatazama kule.

"Achieng, njoo. Hizi tatu za kona ulitoa wapi?"

Nikamweleza. Nilimweleza habari za boma la nyanya, na lango, na pengo, na kwamba ua wenye pengo si ua. Nilieleza vizuri kabisa, kwa sababu bado sikuona nilipokosea. Nilipomaliza walitazamana. Mama ndiye aliyeanza kucheka. Bega lake lilitikisika kwanza, halafu lingine, halafu akajiinamia mezani akashika tumbo.

"Woi, nyathina, mwanangu," alisema akifuta machozi. "Nyanya yako amechoma kompyuta kutoka Nyakach."

Kamau naye alikuwa amevua miwani. "Hata kwetu tunaziba," alisema. "Kama ni shamba ningekupatia zawadi. Lakini hapa, mama yangu mdogo, hiyo pengo ndio alama. Hawakusahau. Waliacha mashimo matatu ndio ujue kona ya kuanzia. Ile kona imekatwa ya prosesa inakutana na hii pengo. Lango yako haina kazi hapo, ni mkono ya kufunga tu."

Akanipa prosesa ya pili, ile ya mwisho. Nilidhani anataka nimshikie.

"Weka," alisema.

Nilimtazama mama. Hapakuwa na nyingine baada ya hiyo, na kesho ilikuwa Ijumaa. Mama alikuwa bado anafuta macho. Alitikisa kichwa kukubali.

Nikaiweka kona iliyokatwa mahali ambapo mashimo hayakuwapo. Nilihisi miguu ikizama yote kwa pamoja. Nikashusha mkono wa chuma. Kamau akanusa hewa kabla hata ya kuwasha, kwa mzaha, kisha akawasha. Feni ikazunguka. Kioo kikabaki cheusi, na muda huo mdogo nilijifunza urefu wa muda. Kisha ikalia mara moja, mlio mfupi kama wa kifaranga, na pembeni mwa kioo namba nyeupe zikaanza kupanda zenyewe, mbio mbio.

"Inahesabu," mama alinong'ona. "Hakuna mtu ameiambia, na inahesabu."

Wapishi walitoka jikoni wakaja na mikono yenye unga. Mwalimu wa useremala aliacha randa yake. Tarishi wa ofisi, yuleyule aliyeleta barua zote mbili, alikimbia kumwita Naibu, naye Naibu alikuja akiweka sawa tai, akaketi bila kuombwa, akaandika jina lake kwa kidole kimoja, herufi moja moja, na sote tukapiga makofi, mama akipiga kuliko wote. Mpishi mkuu alikaanga ngege wawili wakubwa, tukala tumesimama kati ya magunia, Kamau akilalamika kwa furaha kwamba samaki wetu ana mifupa mingi kuliko prosesa ina miguu. Sikumbuki mlo mwingine uliokuwa mtamu hivyo.

Watu walipotawanyika nilimwona mama anachukua kalamu na ile barua ya pili.

"Mimi nitaenda kumwambia Naibu ni mimi," nikasema.

"Wewe uko na faili?"

"Sina."

"Sasa barua yako wataiweka wapi?" Alitia sahihi, akakausha wino kwa kupuliza. "Enda ukate kadibodi. Hii mashine haina lebo."

Naibu hakuijibu kamwe kwa maandishi ile barua ya maelezo ya kurasa mbili. Ijumaa ikapita, mama akaendelea na kazi, na sisi sote tukaamini kwamba barua ya kwanza imekufa kifo chake. Kumbe barua ambayo haikufutwa kwa maandishi haifi. Hulala ndani ya faili miaka yote hiyo, ikisubiri karani asiyemjua mtu aje ahesabu maonyo na kuandika: mawili.

Mama amenisihi niyaache. Jana alisema tena, "Achieng, si iliwaka?" Iliwaka, na sijui furaha kubwa kuliko ile. Lakini kuwaka kwa mashine si kufutwa kwa barua, na mimi nilifundishwa na yeye mwenyewe kwamba lebo isiyo na mstari wa tatu haijakamilika.

Kwa hiyo namtaka Mkuu wa Chuo aliyepo sasa, kwa wadhifa wake, aiondoe barua ya kwanza katika faili la mama yangu na kuandika humo kwamba prosesa iliyopokewa ndiyo iliyoagizwa, kwamba haikulingana na soketi, na kwamba aliyeiagiza ni Naibu. Namtaka atoe cheti kipya cha utumishi kisicho na onyo lolote, ndani ya siku thelathini tangu kupokea maandishi haya, na anijibu kwa barua yenye sahihi na muhuri. Barua ya pili siombi ifutwe. Prosesa ile iliungua kweli, na mali ya chuo huandikiwa mhusika. Iandikwe upya kwa jina langu kamili, itumwe kwangu kwa njia ya posta, nami nitatia sahihi kwamba nimekubali.